Saa za Michezo za Fahari: Kinachotofautisha Moja na Nyingine

Katika dirisha la duka la saa, saa mbili za mkono zaweza kuwekwa bega kwa bega, zote za chuma cha pua, zote zenye upana wa milimita 40 hivi, zote zikionyesha dakika ileile. Hata hivyo moja huitwa saa ya mzamiaji na nyingine saa ya rubani, na bei zake zaweza kupishana mara mbili au tatu. Mtazamaji asiye na habari aghalabu hudhani kwamba tofauti hiyo ni ya jina tu, au kwamba ile ya bei kubwa hutunza majira kwa usahihi zaidi. Dhana zote mbili zina kasoro.

Saa ya michezo si saa ya kuchezea. Ni saa iliyoundwa kustahimili mazingira ambayo saa ya kawaida ya kuvaa ofisini haiwezi kuyastahimili: chini ya bahari, ndani ya ndege, karibu na mitambo ya umeme, au katika mashindano ya magari. Kila aina iliyo maarufu ilianza kwa tatizo fulani la kifizikia lililohitaji kutatuliwa. Anayelijua tatizo hilo huweza kuisoma saa kama mtu asomavyo chombo cha maabara, akaeleza kwa nini ina pete ya nje yenye tarakimu, au mshale wa nne, au kasha nene. Asiyelijua huona mapambo tu.

Moyo ulio mmoja

Kwanza ni muhimu kutaja yale yanayofanana. Ndani ya saa ya kamani, nishati huhifadhiwa katika utepe wa chuma uliokazwa. Magurudumu yenye meno huipeleka nishati hiyo kwenye gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi kwa msaada wa kamani nyingine nyembamba kama unywele. Kifaa kidogo chenye umbo la nanga huyaachia magurudumu jino moja baada ya jingine, na mlio wake ndio huo “tik-tik” usikiwao sikioni. Saa nyingi za siku hizi za aina hii hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara 8 kwa kila sekunde. Kamani yaweza kukazwa kwa vidole, au kwa kizito kidogo kinachozunguka kila mkono wa mvaaji unapotikisika.

Usahihi wa mashine hizi hupimwa. Taasisi rasmi ya Uswisi ya kupima saa, iliyoanzishwa mwaka 1973, huiweka kila mashine chini ya uangalizi kwa siku 15, katika mikao 5 na katika halijoto 3: nyuzi 8, 23 na 38 za Selsiasi. Ili ifaulu, kwa wastani haipaswi kuchelewa zaidi ya sekunde 4 kwa siku, wala kukimbia zaidi ya sekunde 6. Kwa kuwa siku moja ina sekunde 86,400, kosa la sekunde 6 ni sehemu 1 tu katika 14,400. Saa ya mzamiaji, ya rubani na ya mwendesha magari zote zaweza kufaulu mtihani huu. Kwa hiyo tofauti baina yake haina budi kutafutwa mahali pengine.

Saa ya mzamiaji na kanieneo ya maji

Kila mita 10 za kina cha bahari huongeza kanieneo ya takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Kioo cha saa chenye kipenyo cha sentimita 3 kina eneo la sentimita mraba 7 hivi. Katika kina cha mita 300, kioo hicho hukandamizwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 210, yaani kama magunia mawili ya mahindi yaliyopangwa juu ya kitu kisichozidi upana wa kifuniko cha chupa ya maziwa. Hii ndiyo sababu saa ya mzamiaji huwa na kioo kinene na kasha nzito, na ndiyo sababu kifundo cha kukazia kamani hufungwa kwa hesi kama kifuniko cha chupa, pamoja na pete za mpira za kuzuia maji.

Kampuni ya Rolex ilitoa kasha la namna hiyo mwaka 1926. Mwaka uliofuata, mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliivaa saa hiyo shingoni katika maji baridi ya mlango wa bahari ulioko kati ya Uingereza na Ufaransa. Hakufika ng'ambo siku hiyo, lakini baada ya saa zaidi ya 10 majini saa yake ilikuwa ikiendelea kwenda.

Saa za wazamiaji kwa maana ya leo zilizaliwa mwaka 1953, wakati Blancpain ilipotoa Fifty Fathoms na Rolex ikatoa Submariner. Alama yake kuu ni ile pete ya nje inayozunguka, yenye tarakimu za dakika. Mzamiaji anapoanza kushuka huiweka alama ya sifuri mkabala na mshale wa dakika. Baadaye, kwa kutupa jicho tu, huona amekaa majini dakika ngapi. Hili si jambo la starehe. Hewa ya mtungi ina kikomo, na naitrojeni inayoyeyuka katika damu huongezeka kadiri mtu anavyokaa kilindini. Akikosea hesabu ya dakika, aweza kupooza au kufa.

Kwa sababu hiyo pete ya saa za siku hizi huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mishale. Ikigongwa na jiwe kwa bahati mbaya, itaonyesha kwamba muda mwingi zaidi umepita, na mzamiaji atapanda juu mapema. Kosa lolote litakalotokea litakuwa upande wa usalama. Kadhalika, Kiwango cha Kimataifa nambari 6425 kinataka saa ya mzamiaji istahimili angalau mita 100, ijaribiwe kwa kanieneo iliyozidi kina kilichoandikwa kwa asilimia 25, na isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25.

Wazamiaji wanaofanya kazi katika visima vya mafuta vya baharini walileta tatizo jipya. Watu hao huishi siku nyingi ndani ya vyumba vyenye kanieneo kubwa, wakivuta hewa iliyochanganywa na heliamu, gesi ileile ambayo mwaka 2016 ilitangazwa kugunduliwa kwa wingi katika Bonde la Rukwa nchini Tanzania. Atomu za heliamu ni ndogo mno hata hupenya penye mpira uzuiao maji. Kanieneo ya chumba inapopunguzwa, gesi iliyojificha ndani ya saa hutanuka na kukisukuma kioo kutoka ndani, hata kikafyatuka.

Tatizo hili lilipata majibu mawili yanayopingana. Mwaka 1967 Rolex ilitoa Sea-Dweller, saa ya mita 610 yenye vali ndogo ubavuni inayoiruhusu gesi itoke. Mwaka 1975 Seiko ya Japani ilitoa saa ya mita 600 yenye kasha la titani lisilo na mfuniko wa nyuma, na pete ya mpira yenye umbo la herufi L, ili gesi isipate njia ya kuingia. Kina ni karibu sawa, lakini mmoja alifungua mlango na mwingine akaziba ufa. Mwenye kuzitazama kwa nje tu hatalijua jambo hilo.

Maana ya maandishi ya mita 30

Hapa inafaa kuondoa kosa moja lililoenea. Saa iliyoandikwa mita 30 haikukusudiwa kuvaliwa na mtu anayezama mita 30. Huhesabiwa kuwa salama dhidi ya matone ya mvua na maji ya kunawia. Baadhi ya watu hueleza kwamba sababu ni mwendo wa mkono wa mwogeleaji kuongeza kanieneo kupita kiasi. Hesabu haiungi mkono maelezo hayo. Mkono unaopita majini kwa mita 5 kwa sekunde huongeza paskali 12,500 tu, sawa na maji ya kina cha mita 1.3 hivi. Sababu yenye uzito zaidi ni kwamba kipimo hufanywa saa ikiwa mpya, katika maji yaliyotulia. Mpira huzeeka, chumvi na sabuni huula, joto huutanua na baridi huunywesha, na pigo dogo huweza kuuhamisha mahali pake. Kwa hiyo hata saa ya bei kubwa huhitaji kubadilishiwa mpira na kupimwa upya.

Saa ya rubani: majira mawili kwa pamoja

Katika miaka ya 1950 ndege za masafa marefu zilianza kuvuka kanda nyingi za majira katika safari moja. Rubani alihitaji kujua majira ya Greenwich, yatumikayo katika shughuli za anga, pamoja na majira ya mahali alipo. Mwaka 1955 Rolex ilitoa GMT-Master, iliyotumiwa na marubani wa shirika la ndege la Kimarekani lililoitwa Pan American. Saa hii ina mshale wa nne unaozunguka mara moja kwa saa 24, na pete yake ya nje imegawanywa katika sehemu 24 badala ya dakika 60.

Tuseme mshale huo unaonyesha 12 za Greenwich. Pete ikizungushwa nafasi tatu kinyume cha mwendo wa mishale, mshale uleule utaelekea 15, yaani saa tisa alasiri ya Dar es Salaam au Nairobi. Tangu mwaka 1982, katika GMT-Master II, mshale wa kawaida wa saa uliweza kurukishwa peke yake, ikawa rahisi zaidi kuiweka saa kwa majira ya nchi anayofikia msafiri.

Mfano mwingine huonyesha jinsi badiliko dogo linavyogeuza kazi ya chombo. Mwaka 1971 ilitolewa Explorer II, nayo ikiwa na mshale wa saa 24, lakini pete yake imekazwa isizunguke. Haikukusudiwa kulinganisha majira ya nchi mbili. Ilitengenezwa kwa wachunguzi wa mapango, ambao hukaa siku kadhaa pasipo jua. Mtu aliye katika giza la namna hiyo akiona saa tatu hajui kama ni asubuhi au ni usiku. Mshale wa 24 humwambia. Mishale ya saa hizo mbili inafanana, lakini maswali yanayojibiwa ni mawili.

Saa ya mhandisi na usumaku

Adui mwingine wa saa ya kamani haonekani. Ile kamani nyembamba ya mizani, ikishika usumaku, mizunguko yake hunatana au kuvutana, na saa huanza kukimbia kwa dakika nyingi kwa siku. Wahandisi wa vituo vya umeme na wanasayansi wa maabara walipatwa na shida hii mara kwa mara.

IWC ilitoa Ingenieur mwaka 1955, na Rolex ikatoa Milgauss mwaka 1956, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ilistahimili gausi 1,000. Usumaku wa dunia, unaoielekeza dira, ni kama nusu gausi tu. Siri yake ilikuwa kasha la ndani la chuma laini. Chuma hicho hakiuzuii uga wa sumaku kama ukuta. Huupatia njia iliyo rahisi zaidi ya kupita, ukaizunguka mashine pasipo kuigusa, kama mfereji uongozavyo maji ya mvua pembeni mwa nyumba.

Miaka mingi baadaye jibu la pili lilipatikana katika elimu ya mata. Mwaka 2013 Omega ilionyesha saa iliyostahimili zaidi ya gausi 15,000 bila kasha la ndani, kwa sababu kamani ya mizani ilitengenezwa kwa silikoni na sehemu nyingine muhimu kwa aloi zisizoshika usumaku. Kwa kuwa ngao haikuhitajika tena, mgongo wa saa uliweza kuwekwa kioo. Kwa hiyo kioo cha nyuma, ambacho mnunuzi huweza kukichukulia kuwa urembo, ni ushahidi kwamba kinga imehamia ndani ya mashine yenyewe.

Saa ya kupimia mwendo

Kundi la nne ni la saa zenye vitufe viwili ubavuni, cha kuanzisha na kusimamisha mshale wa sekunde na cha kuurudisha sifuri. Miongoni mwake ni Omega Speedmaster ya mwaka 1957 na Rolex Daytona ya mwaka 1963. Pete yake ya nje haizunguki. Ina tarakimu za mwendo. Msingi wake ni hesabu ya kugawanya: gari likienda kilomita 1 kwa sekunde 30, basi 3,600 zikigawanywa kwa 30 hutoa kilomita 120 kwa saa. Pete imekwisha kuifanya hesabu hiyo, na mshale unaposimama kwenye sekunde 30 huielekea 120 moja kwa moja.

Speedmaster ilitengenezwa kwa ajili ya barabara, lakini sifa yake ilitoka angani. Shirika la safari za anga la Marekani, NASA, lilizijaribu saa za makampuni kadhaa kwa majaribio 11. Ziliwekwa katika joto la nyuzi 71 kwa saa 48 na la nyuzi 93 kwa nusu saa, katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, katika ombwe, katika unyevu, na katika kelele ya desibeli 130. Zilipigwa mishtuko yenye nguvu mara 40 ya uvutano. Speedmaster peke yake ilifaulu, na ikaidhinishwa Machi 1, 1965. Mwezi Julai 1969 Buzz Aldrin aliivaa juu ya uso wa Mwezi. Kioo chake kilikuwa cha plastiki, ambacho ni laini kuliko yakuti na huchubuka upesi. Hata hivyo hakivunjiki kuwa vipande vikali, na ndani ya chombo ambamo vitu huelea, kipande kimoja cha kioo chaweza kuingia jichoni.

Aprili 1970 saa hiyo ilitakiwa kufanya kazi yake halisi. Tangi la oksijeni la Apollo 13 lilipasuka njiani kuelekea Mwezini, na vifaa vingi vikazimwa ili kuokoa umeme. Ili wanaanga watatu warudi duniani kwa pembe iliyofaa, injini ilipaswa kuwashwa kwa sekunde 14 kisha kuzimwa. Jack Swigert alizihesabu sekunde hizo kwa saa yake ya mkono, na wote watatu walirejea salama.

Fahari inapoingia

Zipo pia saa ambazo tofauti zake haziwezi kuelezwa kwa kazi peke yake. Mwaka 1972 Audemars Piguet ilitoa Royal Oak, na mwaka 1976 Patek Philippe ikatoa Nautilus. Zote mbili zilichorwa na mbunifu mmoja, Gérald Genta. Zote zilikuwa za chuma cha pua, zikauzwa kwa bei zilizozoeleka kwa saa za dhahabu. Zaidi ya hayo, mashine zake nyembamba zilijengwa juu ya msingi mmoja uliobuniwa na Jaeger-LeCoultre. Kilichozitenga ni umbo na jengo la kasha. Royal Oak ina pete ya pembe nane iliyokazwa kwa skrubu nane zinazoonekana. Nautilus ilifuata umbo la dirisha la meli, ina masikio mawili ubavuni, na ilistahimili mita 120. Kazi ya kusugua na kung'arisha kila ukingo, hata wa sehemu zisizoonekana, hufanywa kwa mikono na huchukua muda mrefu. Gharama hiyo, pamoja na uchache wa saa zenyewe na heshima ya jina, ndiyo hulipiwa.

Usahihi haumo katika orodha hiyo. Desemba 25, 1969 Seiko ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa. Katika saa nyingi za kwatzi za leo, kijiwe kinachopewa umeme wa betri hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha 15, hivyo ikigawanywa kwa mbili mara 15 hubaki pigo 1 kwa sekunde. Saa ya kawaida ya namna hii hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi. Saa ya kamani inayokimbia sekunde 6 kwa siku itakuwa imekimbia sekunde 180 kwa muda huo. Wala uimara si mali ya matajiri peke yao: mwaka 1983 Casio ilitoa G-Shock, iliyobuniwa na Kikuo Ibe ili istahimili kuanguka mita 10, ikiwa na kinga ya maji ya mita 200, kwa bei iliyo sehemu ndogo tu ya bei ya saa za Uswisi.

Jinsi ya kuihukumu saa

Mwanafunzi atakayeulizwa tofauti ya saa mbili aanze kwa maswali manne. Pete ya nje imeandikwa nini, nayo huzunguka au haizunguki? Kasha linakinga dhidi ya kitu gani, na kwa njia ipi? Mishale na vitufe vya ziada hupima nini? Na baada ya hayo yote, ni sehemu gani ya bei inayolipia kazi ya mikono na jina? Maswali matatu ya kwanza hujibiwa kwa fizikia. La nne hujibiwa na soko, na mnunuzi ana hiari yake, mradi ajue anacholipia.

Tahadhari hii ina uzito hasa kwa saa bandia, ambazo huuzwa katika nchi nyingi. Mwigaji huweza kunakili rangi, umbo na hata maandishi ya mita 300. Kanieneo ya maji haisomi maandishi. Hukutana na kioo, hesi na mpira, na hapo ndipo tofauti ya saa moja na nyingine inapojulikana.

Darasani, mwalimu aweza kuwapa wanafunzi kazi tatu: kukokotoa nguvu inayokikandamiza kioo chenye kipenyo cha sentimita 3 katika kina cha mita 100, kutafuta mwendo wa basi linalopita nguzo mbili zilizoachana kilomita 1 kwa sekunde 45, na kulinganisha saa zao wenyewe na majira ya redio kwa siku 7 mfululizo, kisha kupata wastani wa kosa kwa siku. Kazi ya tatu haihitaji saa ya fahari.